Ukitaka samaki mwoga atoke, mwongezee pa kujificha

Leo tuache siasa kidogo tuongee habari za samaki, na sio wa kukaanga. Nazungumzia wale wa kwenye kioo, wa sebuleni na mapokezi ya hoteli.

Mimi huwa naitwa kusafisha matangi ya samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam. Lalamiko ninalokutana nalo kuliko yote sio samaki kufa, ni samaki kutoonekana. Mtu ametoa hela nzuri, kanunua samaki wa Ziwa Tanganyika, kaambiwa ni wazuri ajabu, halafu kila akikaa kwenye kochi anaona mawe na mapovu ya pampu, basi. "Hivi nimenunua samaki au nimenunua kokoto?" Na dawa anayoifikiria karibu kila mtu ni ileile: toa mawe. Ng'oa majani. Mnyime samaki pa kujificha, akikosa ujanja atazoea tu.

Hazoei. Ndio maana nimeamua kuandika, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki. Mwoga aliyenyang'anywa maficho hawi jasiri. Anakwenda kubana nyuma ya hita au chini ya chujio, anaacha kula, rangi inapotea, na baada ya wiki kadhaa unamtoa na wavu akiwa ameelea. Mwenye tangi anakwambia "huyu alikuja na ugonjwa toka dukani". Inawezekana, lakini wengi niliowaona hawakuja na ugonjwa wowote. Walikuwa na hofu isiyokatika, usiku na mchana.

Ukweli wenyewe uko kinyume na tunavyodhani. Samaki mwenye maficho mengi ndiye anayeonekana sana. Mtazame mjusi wa ukutani anavyoota jua. Anakaa hatua moja tu kutoka kwenye ufa wake, tena katulia, anakutazama. Sasa ziba ule ufa kwa saruji uone kama kesho utamkuta pale. Kinachompa ujasiri wa kukaa nje ni kujua kwamba ndani pako karibu.

Haya, samaki wenyewe ni wepi? Nazungumzia siklidi, ukoo mkubwa sana ambao sote tumeshaula bila kujua jina lake. Perege ni siklidi. Sato wa Mwanza ni siklidi, furu wa Ziwa Victoria ni siklidi, na kuhe wa Kigoma ni miongoni mwa siklidi wakubwa kabisa duniani. Ziwa Tanganyika, ambalo tunagawana na Kongo, Burundi na Zambia, lina aina za siklidi zipatazo 240, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote. Ndio maana watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwa heshima kubwa, wakati sisi wenye ziwa tunawaweka na samaki yeyote tuliyemkuta dukani.

Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Lakini usidhani samaki wako katoka huko chini. Kule chini kabisa maji hayana oksijeni, hakuna samaki anayeishi. Hawa wetu ni wa pembezoni, kwenye mawe. Ukienda Kigoma, ukashuka ufukwe wa Jakobsen karibu na Katonga, ukatumbukiza uso majini ukiwa na miwani ya kuogelea, utaelewa kila kitu kwa dakika tano. Mawe yamerundikana, makubwa juu ya madogo, na kila ufa una mwenyewe. Samaki wanazurura nje, lakini ukinyoosha mkono tu humwoni hata mmoja. Ukitulia, wanarudi.

Na wana sababu. Juu kuna mdiria na mnandi, ndege wanaovua kuliko wewe. Kuna fisi maji. Kuna fira wa maji, nyoka anayeishi ziwani humo na chakula chake ni samaki. Chini kuna samaki wakubwa wanaokula wadogo. Kwa maelfu ya vizazi, samaki aliyesogea mbali na ufa wake aliliwa, aliyebaki karibu ndiye aliyezaa. Huyo wa kwenye tangi lako ni mjukuu wa waliokimbia. Hata kama amezaliwa kwenye ndoo ya mfugaji na hajawahi kumwona mdiria, kivuli kikipita juu ya tangi anajua la kufanya.

Nitachukua watatu kama mfano. Wa kwanza ni Altolamprologus calvus, wauzaji wanamwita kalvasi tu. Huyu ni mwembamba ubavuni kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo, kaumbwa aingie kwenye nyufa kuwinda uduvi na vitoto vya samaki. Dume anafika sentimita 13 au 14, jike mdogo zaidi, na wanakua polepole kupita kiasi. Wa pili ni jamii ya Julidochromis, warefu kama kidole, wenye mistari au madoa, maisha yao yote ni ndani ya ufa. Wa tatu ni Neolamprologus multifasciatus, au multi, ambaye dume lake halizidi sentimita 5. Hawa wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono wa ziwani, kundi zima kama kijiji. Kila mmoja na nyumba yake, na wanagombania mchanga kama watu wanavyogombania mipaka ya viwanja.

Kabla ya kumtibu samaki uoga, hakikisha kweli ni mwoga. Hapa watu wengi wanachanganya. Kalvasi aliyekaa kivulini, mapezi yamesimama, macho yanazunguka, huyo haogopi. Huyo yuko kazini, anawinda. Multi aliyechungulia kwenye mlango wa gamba naye yuko kwake, mwache. Mwenye hofu anajulikana: mapezi yamelala mwilini, anahema haraka, rangi imekuwa nyeusi sana au imepauka isivyo kawaida, na hayuko kwenye pango, yuko kona ya juu au nyuma ya hita ambako hakuna anayemfuata. Chakula kinapita mbele ya mdomo wake hakigusi.

Ndani ya mwili wake kinachoendelea hakina tofauti kubwa na mwili wetu. Samaki akitishika anatoa homoni ya kotisoli, ileile tuliyo nayo sisi. Kwa muda mfupi inamsaidia, anapata nguvu ya kukimbia. Ikibaki juu siku hadi siku inamgeuka: hamu ya kula inapungua, anadumaa, na kinga ya mwili inashuka. Ndipo unaona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au mapezi yanaoza, unakimbilia duka la dawa. Unatibu vidoa, hofu iko palepale, baada ya mwezi vimerudi. Dawa umenunua mara tatu na samaki umebakiwa naye mmoja.

Sasa tuje kwenye ujenzi, na hapa nitakaa kwa muda maana ndio penye kazi.

Kanuni yangu ni kwamba maficho lazima yazidi idadi ya samaki. Kama una waoga sita, mapango sita hayatoshi, weka kumi au zaidi. Sababu ni rahisi: mbabe wa tangi hakai na pango moja. Anamiliki matatu na anazunguka kuyakagua, kama baba mwenye nyumba siku ya kodi. Ukiweka sita kwa sita, wawili watalala nje.

La pili ni ukubwa wa mlango. Pango ambalo samaki mkubwa anaingia sio maficho, ni mtego. Kalvasi anataka ufa mwembamba wa wima, yeye apite kwa ubavu na mwingine akwame. Unasimamisha mawe bapa kama vitabu kwenye rafu, ukiacha nafasi tofautitofauti. Kwa Julidochromis unalaza mawe bapa moja juu ya jingine kama chapati, katikati unaweka vikokoto vya kuyatenganisha. Na pango la hawa wa nyufa liwe na milango miwili. Samaki akifukuzwa akaingia sehemu yenye mlango mmoja, anayemfukuza anasimama pale mlangoni hata saa nzima, nimeshuhudia. Kwa multi sheria hii haihusu, gamba lina mlango mmoja na linamtosha mwenyewe tu.

Vifaa havihitaji duka la fahari. Mawe ya chokaa yanapatikana bure au kwa bei chee, kwa wa Dar wenye njia ya Tegeta mnayajua. Ukitaka kuhakikisha, dondoshea siki. Likitoa povu ni chokaa, na kwa samaki wa Tanganyika povu hilo ni habari njema, kwa sababu wao wanapenda maji magumu, ya alkali. Matumbawe hai ya baharini achana nayo kabisa, hayo ni makazi ya samaki wengine. Vyungu vidogo vya udongo ambavyo havijapakwa rangi ni safi sana, hata vilivyovunjika mdomo, ila sugua kingo kali kwa jiwe. Vipande vya bomba la plastiki vinafanya kazi vizuri, tatizo ni sura tu. Vifuka mchanga juu, ndani ya miezi miwili vinaota ukungu wa kijani husemi ni bomba. Vifuu vya nazi watu wanavipenda, lakini vinatoa rangi kama chai na kuvuta maji kwenye uchachu kidogo, kwa hiyo kwa samaki hawa mimi sivishauri.

Magamba ya konokono wa shambani, wale wakubwa, yanafaa kwa multi na hata kwa majike ya kalvasi, ambao hutaga mayai ndani ya gamba au tundu ambalo dume haliingii. Chagua yale madogo kwa multi, urefu wa sentimita 4 au 5 yanatosha. Chemsha, sugua, suuza hadi harufu iishe. Samaki mmoja magamba mawili au matatu, na mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi, kwa sababu wao wenyewe wataupanga. Usiwapangie. Utayaweka magamba kwa urembo wako, asubuhi unakuta wameyafukia nusu na kuyageuza wanavyotaka wao.

Jambo la usalama, tafadhali msiliruke. Mawe makubwa yakae juu ya sakafu ya tangi kwanza, juu ya kipande cha plastiki au godoro jembamba la povu, halafu ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukiweka mchanga kwanza na mawe juu, samaki wanachimba chini yake, jiwe linaporomoka. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 40 linabeba lita 200, yaani kilo 200 za maji. Zikimwagika sebuleni saa nane za usiku hutakuwa na swali tena kuhusu samaki waoga.

Halafu mpangilio. Kosa ninalokuta kwa watu wengi ni ukuta wa mawe nyuma na uwanja mtupu mbele. Samaki anakaa nyuma kwa sababu akisogea mbele yuko jangwani. Wewe jenga vilima viwili au vitatu vyenye nafasi ya mchanga katikati, na kimoja kije karibu na kioo cha mbele. Tawanya mawe madogo kati ya kilima na kilima. Ni kama kuvuka barabara pana: ukiona kuna kisiwa katikati unavuka, kisipokuwepo unabaki ng'ambo. Samaki anatoka jiwe hadi jiwe, mwisho unamkuta mbele yako. Vilima hivyo vinafanya na kazi nyingine, vinakata macho. Mbabe asipomwona mwenzake hamfukuzi.

Kuna hoteli moja hapa mjini, jina tuliache, tangi lao lilikuwa la mita moja. Ndani walikuwemo kalvasi sita na mbuna wawili wakubwa wa Ziwa Nyasa. Wageni walilalamika kwamba tangi halina samaki, meneja akaamuru mawe yatolewe. Nilipoitwa nilikuta kalvasi wanne tu, wamebandikana nyuma ya chujio kama karata. Tulichofanya sio kikubwa. Mbuna wakahamishiwa tangi jingine, mawe yakarudi, tena mara mbili ya mwanzo, vioo vya nyuma na ubavuni vikabandikwa karatasi nyeusi kwa nje, na wakaongezwa molly wanane. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Meneja alinipigia simu mpaka nikaanza kuogopa mlio wa simu yangu. Wiki ya pili mhudumu wa usiku akaona mmoja katoka taa zilipopunguzwa. Mwisho wa mwezi, watatu walikuwa wanakuja mbele wakati wa chakula. Wa nne aliendelea kuishi kwenye ufa wake, na hakuna ubaya, alikuwa anakula.

Mtauliza, hao molly wanane walikuwa wa nini? Hapa ndipo penye siri ambayo wafugaji wengi hapa kwetu hawaijui, japo ina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1968 mtaalamu wa tabia za samaki George Barlow, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika kuhusu tatizo hilihili: siklidi wa maabara wanajificha, utafiti hauendi. Jibu lake lilikuwa kuweka pamoja nao samaki wadogo wasio na wasiwasi, wanaoogelea wazi juu. Siklidi wakiwaona hao wanatulia na kuendelea na shughuli zao. Mimi nawaita samaki watulizaji.

Ukifikiria, ndivyo tulivyo hata sisi. Ukifika mtaa mgeni usiku ukakuta watoto wanacheza nje na mama muuza maandazi yuko kwenye jiko lake, moyo unatulia. Ukakuta mtaa mzima kimya, milango imefungwa, hujui kuna nini lakini hatua unaongeza. Samaki naye anasoma wenzake. Wale wa juu wanaogelea bila hofu, maana yake hakuna adui. Tangi lenye kalvasi peke yao ni mtaa uliofungwa milango: kila mmoja anamsubiri mwenzake atoke kwanza, na hakuna anayetoka.

Mtulizaji bora kwa samaki wa Tanganyika ni Cyprichromis leptosoma, wa ziwa hilohilo, anayeishi makundi katikati ya maji na hana shida na mtu wa chini. Wawe kundi, wanane kwenda juu, na tangi liwe na mfuniko kwa sababu wanaruka. Tatizo bei, na hawapatikani kila siku. Kwa mfuko wa kawaida, molly au swordtail wanatosha. Wanapenda maji magumu, hawana fujo, na wakizaa vitoto vinakuwa chakula cha kalvasi. Watu wa kulinda asili ya ziwa watanisema kwa kuchanganya samaki wa Amerika ya Kati na wa Tanganyika. Sawa, waseme, lakini samaki aliyetulia na jirani mgeni ni bora kuliko aliyekufa kwenye tangi la asili tupu. Guppy wadogo usiwaweke, kalvasi mkubwa atawaona kitoweo. Na usichague samaki wenye mchecheto, wanaokurupuka kila mlango ukifunguka. Hofu inaambukiza kuliko hata utulivu.

Kuhusu majirani wabaya nitasema kwa kifupi. Mbuna wa Nyasa ni wazuri kwa rangi, lakini ni watu wa kusukumana, wanakula haraka, na kalvasi hawezi kasi yao. Oscar anameza kinachoingia mdomoni. Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Mbelgiji Pierre Brichard ambaye alikuwa akisafirisha samaki wa ziwa hili kutoka Burundi, anakudanganya kwa upole mwanzoni. Wawili wakielewana wakazaa, watoto wakubwa wanabaki kusaidia kulea wadogo, ukoo unatanuka, ndani ya mwaka tangi dogo lote ni la kwao na wengine wamebanwa kona moja. Ni ajabu kuwatazama, ila wape tangi lao.

Utaratibu wa kuingiza nao una maana. Mwoga aingie kwanza, akae wiki mbili tatu, achague ufa wake, ndipo waje wengine. Kama wengine wameshatangulia, siku ya kumleta mwoga hamisha mawe kidogo ili wote wawe wageni. Mbabe aliyepoteza mipaka yake anakuwa na kazi ya kuitafuta, hana muda wa kumsumbua mgeni.

Vitu vya nje ya kioo watu wanavisahau. Tangi likiwa sakafuni au kwenye kistuli kifupi, kila anayepita ni kitu kikubwa kinachotokea juu, na juu ndiko anakotoka ndege. Lipandishe lifike usawa wa kifua au macho. Liweke mbali na mlango na korido. Sauti inasafiri ndani ya maji zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaosikia mtikisiko. Kwa hiyo lile spika kubwa la besi lililowekwa kwenye kabati moja na tangi, jamani, lihamisheni. Na watoto wanaogonga kioo wapewe kazi, mfano kulisha, wataacha kugonga. Mtoto mwenye zamu ya kulisha anakuwa mlinzi mkali kuliko wewe.

Mwanga usiwe wa ghafla. Samaki hana kope, na mboni ya wengi wao haisinyai kama yetu, kwa hiyo ukiwasha taa ya tangi katikati ya giza umempiga usoni. Washa kwanza taa ya chumba, subiri nusu saa, ndipo ya tangi. Jioni fanya kinyume chake. Saa nane hadi kumi za taa kwa siku zinatosha. Kama taa ni kali, acha majani yaelee sehemu ya juu yatoe kivuli. Gugu maji lisichukuliwe ziwani kuja nyumbani, na la nyumbani lisimwagwe kwenye mto wala mtaro, tunajua lilichofanya Ziwa Victoria.

Chakula ndicho kipimo chako halisi. Mwoga hafi kwa kuogopa, anakufa kwa njaa inayoletwa na kuogopa, polepole, huku wenzake wananenepa na wewe unaamini wote wanakula. Kwa hiyo lisha mara mbili kwa mkupuo mmoja. Kwanza tupia wa juu chakula kinachoelea, upande mmoja wa tangi. Wakiwa wamezama huko, weka kinachozama upande wa pili, karibu na ufa wa mwoga. Ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano yake, lililofungwa mrija mwembamba, unaweza kumpelekea mlangoni kabisa. Lisha jioni taa zikipungua, hapo ndipo anapojiamini. Viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo safi hawavikatai hata walionuna, ila vihesabu, vikibaki kesho vinaruka na kukuuma wewe. Mtazame tumbo. Likiwa limeingia ndani na mgongo umekuwa kama kisu, huyo hali, usidanganywe na kwamba anatembea.

Maji siwezi kuyamaliza hapa. Kwa hawa wa Tanganyika pH iwe kati ya 8 na 9, joto nyuzi 24 hadi 27, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Ya bomba yenye klorini yalale kwenye ndoo siku nzima kwanza. Unapobadilisha usiingize mkono kila kona. Mkono wako ndio mdiria mkubwa kuliko wote.

Baada ya yote haya, mpe mwezi mmoja bila kugusa mpangilio. Wengi wanaharibu hapa, siku ya nne hawajaona kitu wanahamisha mawe, samaki anaanza upya. Kaa kwenye kochi, zima taa ya chumba ibaki ya tangi, asikuone unavyotikisika. Kama mwezi umeisha na bado yuko nyuma ya hita, halafu anatoa kinyesi cheupe kama uzi au tumbo limevimba, huyo ni mgonjwa, sio mwoga tu. Mtenge kwenye tangi dogo lenye chungu kimoja na maji yaleyale. Kama ni mzima lakini amepigwa sana, mtenge vilevile mpaka anenepe, na siku ya kumrudisha hamisha mawe kama nilivyosema kule juu.

Wenye angel na discus, najua nao ni siklidi na nao wanajificha, msinishambulie. Wale ni wa Amazon, wanataka mizizi, majani mengi na maji laini, hayo mawe ya chokaa msiwawekee. Nitawaandikia zamu yao. Kwa sasa kama una kalvasi, juli au multi na anakusumbua, weka swali hapo chini, utaje ukubwa wa tangi na samaki wote waliomo, hata wale unaoona haya kuwataja.